Mafungo ya Mwaka Mpya Chini ya Kibo: Siku Tatu za Yoga na Mapumziko

Maelekezo mengi ya kuupokea mwaka kwa yoga yametoka nchi ambazo Januari ni mwezi wa baridi kali. Yanashauri supu nzito, moto chumbani na mikao ya kuupasha mwili. Kwao ni ushauri mzuri. Mtu akiufuata Moshi mjini, ikifika saa 5 asubuhi ameloa jasho, kichwa kinamgonga, na mapumziko yenyewe hayaoni. Huku tarehe 1 Januari imekaa mlangoni mwa kiangazi: vuli inaishia, upepo wa kaskazi umeshika, na joto linaendelea kupanda kuelekea Februari. Mwili unaouingia mwaka katika hali hiyo hauhitaji kuchochewa. Unahitaji kupozwa na kulazwa.

Ndiyo maana kanuni ya mafungo haya ni moja: fanya kidogo, ufanye alfajiri, na mchana ulale. Ayurveda, tiba ya jadi ya India inayougawa mwaka katika misimu sita, hupendekeza usingizi wa mchana katika msimu wa joto uitwao grishma. Januari ya India ya kaskazini ni baridi, kwa hiyo anayetaka kufuata elimu hiyo asichukue ratiba yao ya Januari. Achukue ile ya msimu wao wa joto, wa katikati ya mwaka. Kalenda inasema jambo moja, hewa inasema lingine. Fuata hewa.

Siku zenyewe ni kuanzia mchana wa tarehe 31 Desemba hadi mchana wa tarehe 2 Januari, watu wanne hadi wanane. Wakizidi wanane, msimamizi mmoja hawezi kuiona shingo ya kila mtu, na shingo ndiyo ya kwanza kutazamwa.

Mahali na kivuli

Moshi mjini iko mita 800 na ushee juu ya usawa wa bahari. Kila ukipanda mita 100, joto hupungua kwa wastani wa nusu digrii na kidogo. Nyumba ya Kibosho, Machame au Marangu iliyo kwenye mita 1,400 itakupunguzia digrii tatu au zaidi, na usiku utahitaji shuka zito. Walio Arusha, hasa Sakina na Ilboru, tayari wako kwenye kimo hicho au juu yake, kwa hiyo wao hawana sababu ya kusafiri.

Tatizo la Uchagani wakati huu si joto, ni watu. Kila kihamba, yaani shamba la migomba lenye nyumba ya ukoo, kina wageni kutoka Dar es Salaam, mbuzi wanachinjwa, spika zinalia hadi alfajiri. Usiahidi watu ukimya ambao huna. Tafuta chumba kimoja kilicho mbali na jiko na geti, mwambie mwenye nyumba mapema saa zako za ukimya ni zipi (saa 12 hadi saa 2 asubuhi, na saa 7 hadi saa 10 mchana zinatosha), halafu uliza majirani wanapiga muziki upande gani. Chemchemi za Chemka na maporomoko ya Materuni ni mazuri sana, lakini Sikukuu ya Mwaka Mpya hujaa watu. Yaache kwa wiki ya pili ya Januari.

Kitu ambacho waandaaji wengi hawakipimi ni jua lenyewe. Mwishoni mwa Desemba jua liko kusini yetu. Saa 6 na nusu mchana halisimami utosini, limeegemea kusini kwa nyuzi karibu 20, na kivuli cha nyumba huangukia upande wa kaskazini. Kwa hiyo baraza inayotazama kaskazini ndiyo yenye ubaridi mchana kutwa, na kwa bahati njema ya huku ndiyo hiyohiyo inayotazama mlima: Kibo, kilele cha Kilimanjaro, kwa aliye Moshi, Meru kwa aliye Arusha. Baraza ya kusini itakuwa tanuri. Ikifika Juni mambo yanageuka, kwa hiyo usilitegemee pendekezo la mtu aliyekaa nyumba hiyo wakati wa kipupwe.

Vifaa

Mkeka wa yoga ni mzuri, lakini sakafu ya saruji ikiwa safi, mkeka wa ukindu na blanketi moja juu yake vinafaa kwa mikao yote ya kulala. Kwa mikao ya kusimama, mkeka wa ukindu huteleza. Simama sakafuni, miguu peku.

Kila mtu anahitaji mto mrefu. Usinunue. Chukua mablanketi mawili mazito, yakunje yawe na upana wa sentimita 65 hadi 70, yaviringishe kwa kukaza mpaka unene ufike sentimita 20 hivi, kisha funga khanga ncha zote mbili. Kosa la kawaida ni kuviringisha kwa ulegevu: mtu akilala, mto unabonyea, kiuno kinazama, na baada ya dakika tano mgongo unauma. Ukiubonyeza kwa ngumi usizame zaidi ya sentimita mbili au tatu. Mto wa kawaida wa sufi ni laini mno kwa kazi hii, ila unafaa chini ya magoti.

Vipande viwili vya mbao vya sentimita 23 kwa 15 kwa 10, fundi seremala yeyote atakukatia. Mwambie azungushe kingo kwa msasa. Ongeza utepe wa kitenge wa mita mbili, khanga mbili, shuka moja la kujifunika, na kifuko cha macho: pamba nyepesi ya sentimita 20 kwa 10, ndani gramu 200 za mtama au dengu kavu, usijaze mpaka kikakaza. Kikiwa kigumu kinakaa juu ya pua. Kikiwa kimelegea, nafaka inagawanyika na kulala kwenye mashimo ya macho bila kukandamiza. Kihifadhi mahali pakavu, la sivyo Machi utakuta wadudu ndani.

Mchana na usiku wa tarehe 31

Watu wafike kabla ya saa 9 mchana. Wengi wametoka safari. Basi la Dar es Salaam hadi Moshi ni kilometa zaidi ya 500, na miguu ya aliyekaa kwenye kiti siku nzima imevimba. Wakishaoga, usiwape mazoezi. Wape miguu ukutani, mkao ambao kwa Kisanskriti huitwa Viparita Karani. Ndio uti wa mgongo wa siku hizi tatu, kwa hiyo inafaa kuufanya sawasawa.

Laza mto mrefu sambamba na ukuta, nafasi ya sentimita 10 hadi 15 katikati. Kaa kwenye ncha ya mto kwa ubavu, nyonga ya kulia ikigusa ukuta. Egemea viwiko, geuza kiwiliwili huku ukipandisha miguu ukutani, kisha shusha mgongo polepole. Ukimaliza, nyonga na kiuno viko juu ya mto, mabega na kichwa viko sakafuni. Tazama kidevu: kikielekea darini, weka khanga iliyokunjwa kwa unene wa sentimita mbili chini ya kichwa, si chini ya shingo. Funga utepe wa kitenge kuzunguka mapaja ili miguu isihitaji nguvu kubaki pamoja. Weka kifuko cha macho. Dakika 10, zisizidi 15.

Nyuma ya mapaja ikivuta na magoti yakigoma kunyooka, sogeza mto mbali na ukuta sentimita 20 nyingine, usilazimishe. Nyayo zikifa ganzi, kunja magoti na unganisha nyayo kwa mtindo wa kipepeo, ganzi itaisha ndani ya dakika moja. Ukihisi shinikizo usoni au machoni, ondoa mto, nyonga zikae sakafuni. Kutoka ndiko watu wanakoharibu: wanaruka. Kunja magoti, weka nyayo ukutani, jisukume mpaka nyonga zishuke sakafuni, lala ubavu kwa pumzi sita, kisha inuka kwa kusukuma na mikono, kichwa kiwe cha mwisho.

Mkao huu usifanywe na mwenye glakoma, mwenye presha isiyodhibitiwa, mwenye kiungulia kikali au mgonjwa wa moyo asiyeruhusiwa na daktari wake. Mama mjamzito aliyevuka nusu ya ujauzito asilale chali muda mrefu; alale ubavu wa kushoto, mto katikati ya magoti. Na ikiwa baada ya safari umevimba mguu mmoja tu, tena shavu la mguu linauma na lina joto, usiuinue ukutani. Nenda hospitali siku hiyohiyo, hilo linaweza kuwa damu iliyoganda.

Jioni kila mtu apewe karatasi na aandike yanayomsubiri Januari: ada, sare, kodi, deni la duka, shamba la kuandaa kabla ya masika. Kwa kila jambo aandike tarehe ya kulishughulikia, halafu karatasi ikunjwe na kuwekwa kwenye begi. Si zoezi la kiroho. Ni kwamba akili isiyojua ada italipwa lini haitatulia kwa pumzi ya aina yoyote. Salamu za heri ya mwaka mpya nazo ziandikwe na kutumwa kabla ya saa 2 usiku, simu zizimwe. Namba moja ya dharura inatosha kwa kikundi kizima.

Kama kuna wawili waliokosana humo ndani, hasa ndugu, jambo hilo lina desturi yake. Kwa Wachaga isale ni mmea wa amani: aliyekosa humpelekea aliyemkosea jani lake kuomba msamaha, na aliyeletewa hana nafasi kubwa ya kukataa. Kama wahusika ni wa mila hiyo na kuna mzee wa kusimamia, lifanyike jioni hii, kabla ya kulala. Lakini usikate masale ili kupamba chumba cha yoga. Jani hilo lina kazi yake.

Wanaokwenda mkesha kanisani waende, wala mtu asiwawekee kinyongo. Mafungo hayashindani na sala ya mtu. Ila msimamizi ajue kwamba watarudi saa 7 au 8 usiku, na kesho yao isipangwe kama ya waliolala saa 4. Wanaobaki wafanyiwe yoga nidra ya dakika 25: kulala chali, mto chini ya magoti, kujifunika shuka, kisha kupitisha akili kwenye viungo kimoja kimoja kuanzia kidole gumba cha mkono wa kulia. Mwanzoni na mwishoni mtu hurudia moyoni mara tatu azimio lake, sankalpa. Azimio liwe sentensi fupi ya wakati uliopo, tena la tendo linaloonekana: “Ninalala kabla ya saa 4 usiku.” Mtu akisema “sitakesha tena,” akilini kinachobaki ni kukesha. Asiyependa maneno ya Kisanskriti ayaache, mwili hautauliza.

Asubuhi ya mwaka

Amkeni saa 11 na nusu, kunyweni maji ya uvuguvugu, tokeni nje. Jua huchomoza saa 12 na dakika 25 hivi kwa Moshi, dakika mbili baadaye kwa Arusha, na wakati huu halitoki mashariki kamili. Linatokea kusini kidogo ya mashariki. Ukilielekea, mlima uko kushoto kwako.

Kaa kimya dakika 20, tazama. Kibo hupata mwanga kabla yako: barafu ya juu inageuka ya rangi ya waridi wakati migomba iliyo mbele yako bado ni kivuli cheusi, na matone ya umande hayajaanza kung'aa. Kisha mwanga unateremka, unapita msitu, unafika kwenye majani. Mara nyingi ikifika saa 3 au 4 asubuhi mawingu yamekwishaufunika mlima, kwa hiyo asiyeamka hakuuona mwaka ukiingia. Baada ya hapo andika mambo matano tu: hali ya mlima, upepo unatoka wapi, maji ya mfongo (mfereji wa jadi wa kumwagilia) yamejaa au yamepungua, mti gani una ua au tunda, na sauti ya kwanza uliyoisikia. Mkrismasi bado una maua mekundu, maembe yapo sokoni. Rudia zoezi hili tarehe 1 ya kila mwezi, dakika 10, daftari lilelile. Ukifika Aprili utasoma tofauti ya msimu kwa mwandiko wako mwenyewe, na utaanza kupanga usingizi na chakula kwa kuufuata.

Halafu mazoezi, dakika 40, yakamilike kabla ya saa 2. Anza na paka na ng'ombe mara nane (ukiwa umepiga magoti na viganja chini, mgongo unapanda na kushuka), kisha mkao wa mlima, yaani kusimama wima, pumzi tano, kisha Salamu ya Jua, mfululizo wa kuinama, kushuka sakafuni na kuinuka tena, mizunguko sita, yaani mitatu kila upande. Wenye uzoefu wafike 12. Kuna desturi ya kufanya mizunguko 108 mwaka unapoanza. Kwa mtu asiyefanya kila wiki hatuishauri hata kidogo: ni kushusha uzito wa mwili kwenye viganja mara 108, na kadiri mizunguko inavyozidi mabega yanachoka, kiuno kinabonyea, na maumivu ya kifundo cha mkono yanaweza kukaa siku nyingi. Katika kila mzunguko, unaposhuka, weka magoti chini kwanza, kandamiza sakafu kwa mashina ya vidole badala ya kisigino cha kiganja, na viwiko vikae karibu na mbavu. Msifanyie kwenye nyasi, umande unateleza.

Waliotoka mkesha wasifanye salamu hata moja. Wabaki na paka na ng'ombe, mkao wa mtoto, yaani kupiga magoti na kuinama mbele, kifua kikiwa juu ya mto mrefu dakika tano (kichwa kulia nusu ya muda, kushoto nusu), kisha walale.

Pumzi ya kupoza

Sitali ndiyo pumzi ya kiangazi. Kunja ulimi uwe kama mfereji, vuta hewa kupitia humo kwa hesabu ya nne, funga mdomo, toa puani kwa hesabu ya sita. Mara nane hadi kumi. Si kila mtu anaweza kukunja ulimi. Asiyeweza avute hewa kupitia meno yaliyogusana kidogo. Utahisi ubaridi kwenye ulimi na koo.

Tatizo lake ni kwamba hewa inayopita mdomoni haichujwi na pua. Kwenye vumbi la barabara ya changarawe, karibu na moshi wa kuni, au mtu akiwa na pumu au mafua, aache. Afanye badala yake kuvuta kwa tundu la kushoto na kutoa kwa la kulia, dakika tano, bila kubana pumzi. Koili za mbu nazo zisiwashwe chumba cha pumzi. Jua likizama, saa 12 na dakika 45 hivi, fungeni madirisha yasiyo na wavu, vaeni mikono mirefu, tumieni feni. Vuli imeacha madimbwi na mbu wapo, hasa tambarare.

Mchana

Saa 7 mle, saa 8 mlale. Dakika 40 zinatosha. Ukilala kwa muda wa saa mbili utaamka mzito na usiku utakesha. Saa 9 na nusu fanyeni mikao mitatu pekee: kipepeo wa kulala, mgongo juu ya mto mrefu, kila paja likiwa limeegemezwa kwenye kipande cha mbao, dakika 10, kujipinda ukiwa umelala, dakika tatu kila upande, halafu miguu ukutani tena. Msimamizi asiongee. Kazi yake ni kufunika watu, kwa sababu hata siku ya joto mwili uliotulia hupoa haraka na baridi humtoa mtu mapumzikoni.

Chakula na maji

Chakula cha huku kinafaa bila kuongezwa kitu. Uji mwepesi wa ulezi na papai saa 3 asubuhi. Kiburu (ndizi na maharage), mboga ya mnafu na parachichi mchana. Mtori usio na mafuta mengi saa 12 jioni. Baada ya chakula kizito subiri muda wa saa mbili hadi tatu kabla ya mkao wowote wa kujipinda, baada ya tunda muda wa saa moja. Siku ya kwanza ya mwaka huenda mmealikwa mahali kwenye kisusio (supu ya damu) na nyama ya mbuzi. Nendeni, kukataa ni kuudhi watu bure, ila futeni mikao ya saa 9 na nusu. Mbege ni pombe na inakausha mwili; ukiletewa kata, ipokee kwa mikono miwili, shukuru, mpe aliye kando yako.

Maji lita mbili na nusu hadi tatu kwa siku, machache machache. Katika kila lita kamulia ndimu moja, kijiko cha chai cha asali na chembe ya chumvi. Walio Arusha na miteremko ya Meru waangalie chanzo: visima vingi vina floraidi nyingi, ile inayotia meno ukahawia. Kuchemsha hakuiondoi; maji yakipungua sufuriani inazidi kukolea. Tumieni maji ya chupa, au ya mvua yaliyokingwa safi na kuchemshwa.

Tarehe 2

Asubuhi rudieni ya jana kwa nusu ya muda, kisha karatasi ya Januari itolewe begini na isomwe tena, kimya. Wengi watarekebisha tarehe mbili tatu. Simu ziwashwe baada ya kifungua kinywa, si kabla.

Anayerudi Dar es Salaam awe amekata tiketi tangu wiki iliyotangulia, maana siku hizi mbili tatu mabasi hujaa. Njiani, kila saa moja, azungushe vifundo vya miguu mara 20 kila upande, na basi likisimama ashuke atembee. Akifika, miguu ukutani dakika 10 kabla hajafungua begi.

Mwenyeji afungue mito mirefu siku hiyohiyo, aanike mablanketi juani upande wa kusini wa nyumba mpaka saa 10, ayageuze mara moja. Yakikunjwa na jasho, yatanuka kabla Januari haijaisha.